Wasifu wa daktari na barua yake: anachotafuta anayesoma

Zamani kidogo, daktari aliyemaliza utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini baada ya shahada, nchini Tanzania alisubiri kupangiwa kituo, akafunga mizigo na kwenda kuripoti. Hali hiyo imekwisha. Leo kuna vijana wengi wenye shahada ya udaktari na usajili kamili ambao wako nyumbani, au wanajitolea katika hospitali za wilaya kwa posho ndogo, wakisubiri tangazo la ajira litakalovuta maombi mengi kwa nafasi chache. Katika mazingira hayo karatasi mbili, yaani wasifu na barua ya maombi, zimepata uzito ambao walimu wetu chuoni hawakuwa na sababu ya kuuzungumzia. Tulifundishwa kuandika historia ya mgonjwa kwa utaratibu usioacha shaka, lakini historia yetu wenyewe kila mmoja alijifunza kuiandika kwa kunakili ya mwenzake. Nimekuwa nikishirikishwa katika kupitia maombi ya madaktari hospitalini kwetu, na huniuma kumwona daktari hodari, ambaye utendaji wake naufahamu, akiachwa nje ya orodha ya usaili kwa sababu karatasi yake haikumsemea.

Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, inafaa kumjua anayekusoma. Katika hospitali nyingi za mashirika ya dini na za binafsi, maombi hupita mikononi mwa watu watatu: katibu wa afya au afisa rasilimali watu, daktari anayeongoza idara yenye upungufu, na mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali. Wa kwanza anataka kuhakikisha kwamba sheria inakuruhusu kufanya kazi. Wa pili anataka kujua kama anaweza kukuachia wodi saa nane usiku naye akaenda kupumzika. Wa tatu, hasa hospitali ikiwa mbali na mji, anajiuliza kama utakaa au utaondoka mara tu majina ya ajira za Serikali yatakapotoka. Wasifu unapaswa kuwajibu wawili wa kwanza, na barua imjibu wa tatu. Nimepitia wasifu nyingi zenye rangi za kupendeza, picha kubwa na nyota za kuonyesha kiwango cha Kiingereza, ambazo hazikumjibu hata mmoja kati yao.

Taarifa za usajili zikae juu kabisa, mara baada ya jina, namba ya simu na barua pepe. Sheria ya mwaka 2017 inayowahusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi inamtaka kila anayetoa tiba Tanzania Bara awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na awe na leseni hai. Kwa hiyo andika aina ya usajili wako, namba yake, na tarehe ambayo leseni yako itakwisha. Kama bado una usajili wa muda kwa sababu utarajali haujakamilika, sema hivyo waziwazi na utaje mwezi utakaomaliza, kwa kuwa mwajiri anaweza kukusubiri mwezi mmoja lakini hawezi kukusamehe ukimfanya agundue mwenyewe. Anayeomba kazi Unguja au Pemba akumbuke kwamba Zanzibar ina baraza lake la madaktari, na usajili wa Bara haumalizi kazi huko.

Elimu haihitaji maelezo marefu. Shahada, chuo na mwaka vinatosha, kuanzia ya karibuni kurudi nyuma. Shule ya msingi iache.

Sehemu ambayo hupoteza nafasi za watu ni ya uzoefu. Karibu kila wasifu ninaousoma una mistari ileile: kuhudumia wagonjwa wa nje na waliolazwa, kufanya raundi, kushiriki upasuaji, kutoa elimu ya afya. Hakuna uongo hapo, lakini hakuna taarifa pia, kwa sababu kila daktari aliyemaliza utarajali amefanya hayo yote. Anayesoma anahitaji kujua ulifanya kazi mahali pa namna gani na ulifika wapi. Taja ngazi ya hospitali, kama ni ya wilaya, ya rufaa ya mkoa, ya kanda au ya taifa. Taja idadi ya vitanda vya wodi uliyokuwa ukiisimamia kama unaijua kwa hakika. Taja kama kwenye zamu ya usiku ulikuwa peke yako au na bingwa jengoni. Mambo hayo hubadilisha kabisa maana ya miezi 12 ya utarajali. Daktari aliyeufanya katika hospitali ya mkoa yenye mabingwa wachache mara nyingi ameshika kisu mapema kuliko mwenzake aliyekuwa hospitali kubwa ya kufundishia, ambako mtarajali husimama nyuma ya wanafunzi wa uzamili. Huyo wa pili naye huenda ameona magonjwa adimu na vipimo ambavyo wa kwanza amevisoma vitabuni tu. Kila mmoja ana cha kuuza, ila mwajiri hawezi kukisoma kwenye neno "utarajali" peke yake.

Njia ninayoiamini zaidi ni kupanga ujuzi wa mikono kwa ngazi za kujitegemea: yale unayofanya mwenyewe bila kuangaliwa, yale unayofanya ukiwa na mkubwa wako karibu, na yale uliyosaidia tu. Daftari la utarajali lina kumbukumbu hizo, na ni hazina ambayo wengi huifungia kabatini baada ya kusainiwa. Tuseme unaomba kazi katika hospitali ya wilaya. Badala ya kuandika kwamba una uzoefu mkubwa katika masuala ya uzazi, unaweza kuandika hivi: "Nafanya mwenyewe upasuaji wa kumtoa mtoto na upasuaji wa mimba iliyotunga nje ya kizazi, nimesaidia, lakini sijafanya peke yangu, kuondoa kizazi kwa mama anayevuja damu." Bingwa wa uzazi akisoma sentensi hiyo anajua mara moja ni simu zipi utampigia usiku na zipi hutampigia. Tena nusu ya pili, ile inayotaja mpaka wako, ndiyo inayomfanya aiamini nusu ya kwanza. Daktari anayedai kwamba anaweza kila kitu huwatia hofu wanaojua gharama ya kosa mezani.

Kwa hospitali za wilaya na vituo vya afya vyenye chumba cha upasuaji kuna kipimo kinachoeleweka na wote: kazi tisa za huduma kamili ya dharura za uzazi zinazotambuliwa na Shirika la Afya Duniani, kuanzia kumpa mama dawa za kuzuia degedege la kifafa cha mimba, kuondoa kondo la nyuma kwa mkono na kumsaidia kupumua mtoto aliyezaliwa amechoka, hadi upasuaji na kuongeza damu. Ukieleza ni zipi kati ya hizo unazimudu, umezungumza lugha ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Kwa idara nyingine fuata mantiki ileile. Katika magonjwa ya ndani, taja kutoboa uti wa mgongo kuchukua maji kwa uchunguzi, kusimamia mgonjwa wa kisukari aliyefika na sukari ya juu na asidi kwenye damu, kusoma mchoro wa umeme wa moyo. Kwa watoto, taja malaria kali na utapiamlo mkali. Kwa upasuaji, taja kuweka mrija wa kifua na kuhudumia majeruhi wa bodaboda saa ya kwanza. Kama unaweza kutumia ultrasound, fafanua kwa kazi gani, kwa kuwa kutambua mkao wa mtoto tumboni na kuchunguza moyo ni mambo mawili yaliyo mbali sana.

Kuna ujuzi mwingine ambao madaktari wengi wanao lakini hawauandiki kwa kudhani si udaktari. Hospitali za binafsi na za dini hutegemea kwa kiasi kikubwa fedha za bima, na madai hukatwa pale ambapo utambuzi wa ugonjwa ulioandikwa haulingani na dawa au vipimo vilivyoagizwa. Daktari anayejaza kumbukumbu za mgonjwa vizuri, anayefuata Mwongozo wa Matibabu wa Taifa na anayejua kinachofanya dai likataliwe, anaijengea hospitali uhai, na suala hili linazidi kukua tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipopitishwa mwaka 2023. Vivyo hivyo kwa GoTHoMIS, mfumo wa kompyuta wa kuendeshea hospitali unaotumika katika vituo vya umma, kwa takwimu za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, na kwa vikao vya mapitio ya vifo vya wajawazito na watoto wachanga. Kama uliwahi kuwa katibu wa vikao hivyo, au kama mapendekezo mliyotoa yaliwahi kubadilisha utaratibu fulani wodini, mstari mmoja wa jambo hilo una thamani kuliko vyeti kumi vya semina za siku moja.

Kipindi cha kukaa bila ajira huwasumbua wengi, na wengine hukificha kwa kunyoosha tarehe. Ninawasihi wasifanye hivyo. Kila anayepitia maombi anajua hali ya ajira ilivyo, na hakuna anayekushangaa. Andika mwezi na mwaka wa kuanza na wa kumaliza kila kazi, kisha useme ulichofanya katikati: ulijitolea hospitali fulani siku kadhaa kwa wiki, ulishika zamu za muda katika zahanati, ulimuuguza mzazi, ulijifungua na kulea. Kujitolea ni kazi, nako kuandikwe chini ya uzoefu kwa heshima ileile, mradi una barua ya mganga mfawidhi inayothibitisha. Ninachomshauri anayejitolea sasa ni kwamba aombe barua hiyo wakati bado yupo na anakumbukwa, kwa sababu viongozi wa vituo huhamishwa.

Madaktari waliofanya kazi kwenye miradi ya VVU na kifua kikuu wana ugumu wa aina yake. Wengi walijikuta wakitafuta kazi ghafla baada ya Marekani kusimamisha misaada yake ya nje mnamo Januari 2025, na wasifu wao umejaa maneno ya miradi: malengo ya robo mwaka, uwezeshaji, ushauri elekezi, ubora wa takwimu. Mganga mfawidhi wa hospitali akisoma hayo hujiuliza kama mtu huyu bado anagusa wagonjwa. Ukiwa katika kundi hili, anza na kliniki ya tiba na matunzo uliyoihudumia na wagonjwa wa aina gani uliwaona, wakiwemo wale ambao dawa za mstari wa kwanza zilikuwa zimeshindwa, kisha ndipo ueleze usimamizi na takwimu. Na kama ni kweli kwamba miaka yote hiyo hukuingia chumba cha upasuaji, tafuta kwanza hospitali ya kujitolea urudishe mkono, halafu uiandike hiyo.

Kuhusu utafiti sitasema mengi. Weka machapisho yaliyokwisha kutoka, majina ya waandishi yakifuatana kama yalivyo kwenye jarida, bila kujisogeza mbele. Kazi "inayoandaliwa" isitajwe, isipokuwa tasnifu ya uzamili inayoendelea. Jarida linalochapisha chochote kwa malipo bila mapitio litakuletea swali gumu kwenye usaili wa chuo au hospitali ya kufundishia.

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutaka wadhamini watatu wa kuaminika, na waajiri wengine hufuata desturi hiyo. Angalau mmoja wao awe mtu aliyekuona ukifanya kazi kwa macho yake, kama bingwa aliyekusimamia au mganga mfawidhi wa kituo ulichojitolea. Mheshimiwa diwani au mjomba mwenye cheo hawezi kueleza ulivyomhudumia mgonjwa aliyezimia. Mwombe mdhamini ruhusa kabla ya kuandika jina lake, mpelekee wasifu wako mpya, na umjulishe ni nafasi gani unaomba. Nimeshuhudia mdhamini akipigiwa simu na kushindwa kukumbuka anayeulizwa ni nani, na mwombaji hakupata hata nafasi ya kujieleza.

Sasa barua. Umbo lake la nje linajulikana: anwani yako, tarehe, anwani ya mwajiri, salamu, kichwa cha habari kinachotaja nafasi kama ilivyoandikwa kwenye tangazo, kwa mfano Daktari Daraja la II, na kumbukumbu namba ya tangazo kama ipo. Isainiwe. Iwe ukurasa mmoja. Lugha ifuate tangazo. Likiruhusu Kiswahili au Kiingereza, chagua ile unayoiandika bila kuyumba, kwa sababu barua yenye makosa humfanya msomaji awaze namna utakavyoandika rufaa ya mgonjwa.

Ndani ya ukurasa huo mmoja, mambo matatu yanatosha: wanachokihitaji, unachokileta, na sababu ya wewe kukaa. La kwanza linahitaji kuuliza. Piga simu, au zungumza na mtu anayefanya kazi pale, ujue kama wamefungua wodi ya watoto wachanga, kama daktari wao pekee wa upasuaji amekwenda masomoni, kama wanapokea rufaa kutoka visiwani au kutoka migodini. La pili lichukue ujuzi mmoja au miwili tu kutoka kwenye wasifu na kuuhusisha na hitaji hilo. Barua isiyofanya zaidi ya kuurudia wasifu kwa sentensi ndefu haijaongeza kitu. La tatu ndilo ambalo wengi hulikwepa, na ndilo ambalo mganga mfawidhi wa hospitali ya pembezoni husoma mara mbili. Kama umekulia mkoa huo, kama mwenzi wako anafundisha shule ya jirani, kama unataka kupata uzoefu wa miaka miwili ya upasuaji wa jumla kabla ya kuomba uzamili, sema. Nampendelea daktari anayesema kwa uwazi kwamba ana mpango wa kukaa miaka miwili kuliko anayeahidi kukaa daima.

Aya ya katikati inaweza kusomeka hivi: "Nimefahamu kwamba hospitali yenu imeanza kutoa huduma ya upasuaji wa dharura za uzazi saa 24. Kwa mwaka mmoja uliopita nimekuwa nikishika zamu za usiku katika hospitali ya wilaya ambako nilifanya upasuaji huo nikiwa daktari pekee jengoni, na pia nilisaidia kuanzisha orodha ya kuhakiki vifaa na damu kabla ya kila zamu. Ningependa kuifanya kazi hiyo mahali ambapo kuna bingwa wa kuniongoza katika yale nisiyoyaweza bado." Ni aya fupi, lakini kila kifungu chake kinaweza kuulizwa na kuthibitishwa.

Kuna mambo mawili ninayotamani yatoweke katika barua za madaktari. Moja ni visa vya wagonjwa vinavyotambulika. Kijana anataka kuonyesha uwezo wake, basi anaeleza habari za mama wa kijiji fulani, mwenye umri fulani, aliyefika usiku wa sikukuu akiwa na hali fulani. Katika wilaya ndogo watu watajua ni nani. Usiri wa mgonjwa hauishii mlangoni mwa hospitali, na mwajiri makini atahesabu barua hiyo kuwa ushahidi dhidi yako. Eleza aina ya tatizo na ulichofanya, basi. La pili ni maombi ya huruma: kwamba umeteseka muda mrefu, una wadogo wanaokutegemea, unaomba usaidiwe. Ninaelewa kwa nini yanaandikwa, kwa kuwa mengi ni ya kweli, na uchungu wake ni wa kweli. Hata hivyo anayeajiri daktari anatafuta mtu wa kumsaidia yeye kubeba mzigo wa wodi, na barua ya namna hiyo humwacha bila cha kushikilia anapokutetea mbele ya wenzake. Uzito wa hali yako mwambie mdhamini wako. Yeye ataujua wakati wa kuusema.

Maombi ya utumishi wa umma yana ukali wake, na hapo barua nzuri haitakuokoa kama viambatisho vina kasoro. Matangazo husisitiza kwamba hati ya matokeo haikubaliki badala ya cheti cha kidato cha nne na cha sita, kwamba cheti cha kuzaliwa kiambatishwe, kwamba waliosoma nje ya nchi vyeti vyao viwe vimehakikiwa na mamlaka husika, yaani Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa vya chuo kikuu na Baraza la Mitihani (NECTA) kwa vya sekondari, na kwamba aliye tayari mtumishi wa umma apitishe barua yake kwa mwajiri wake. Baada ya uhakiki uliofichua watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi mwaka 2017, umakini katika nyaraka umebaki kuwa mkubwa, na kinachowaumiza wasio na hatia ni majina. Ukiwa Mariamu kwenye cheti cha kuzaliwa, Mariam kwenye cha sekondari na umeongeza jina la mume kwenye kitambulisho cha NIDA, shughulikia hati ya kiapo au ya kubadili jina mapema, tangazo likiwa halijatoka. Jina la kwenye wasifu liwe lile la kwenye usajili wa Baraza.

Wanaotazama nje ya Afrika Mashariki watakutana na uhakiki mzito zaidi. Mamlaka za leseni za Saudi Arabia na Dubai hutumia kampuni ya DataFlow kuuliza chuo chako na waajiri wako moja kwa moja, na utaombwa cheti cha mwenendo mwema kutoka baraza lako. Uingereza nayo hutaka kila pengo la muda lielezwe. Tarehe ambayo ulikadiria kwenye wasifu wa kuombea kazi Mwanza inaweza kukuchelewesha miezi Riyadh, iwapo hospitali yako ya zamani itajibu tarehe nyingine. Kwa sababu hiyo napendekeza uwe na wasifu mmoja mrefu, wa kwako binafsi, wenye kila kazi, kila tarehe na kila namba ya cheti, na kutoka humo uchote kurasa mbili au tatu za kumpelekea kila mwajiri kulingana na anachohitaji.

Kabla ya kutuma, mpe daktari wa fani unayoiomba asome, naye akuulize swali juu ya kila ujuzi uliouandika, kama atakavyouliza mjumbe wa jopo. Ujuzi utakaobabaika kuueleza ushushe ngazi au uondoe. Hifadhi nyaraka katika PDF, faili likiwa na jina lako na nafasi unayoomba, kisha lifungue kwenye simu uone kama linasomeka, maana wengi wanaopitia maombi huyasomea hapo kati ya raundi na kliniki. Ukishatuma, weka nakala ya kila ulichotuma pamoja na tangazo lenyewe, kwa sababu utakapoitwa kwenye usaili baada ya wiki kadhaa tangazo huenda limeshaondolewa mtandaoni, na utahitaji kujua mwajiri huyo aliomba nini na wewe ulimwambia nini.